Jicho la Mama Umba na Neno "Kabisa"

Tangu nistaafu, kila mtu ananiambia nikae. Binti yangu ananitolea kiti uani. Jirani anauliza kwa nini nimeamka mapema na sina pa kwenda. Hata katibu wa shule, aliyekuwa akinifokea nikichelewa, sasa ananifokea akiniona napita dirishani kuchungulia madarasa. Sikai. Miguu yangu imezoea kutembea kati ya madawati, kutoka ubaoni mpaka mlangoni na kurudi, wala haijui kazi nyingine. Kwa hiyo msishangae maneno yangu nayo yakirukaruka. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kufundisha Kiingereza hapa Kamina, na nyinyi mliojifunzia kwenye simu mkaamka siku moja mkajiita wakalimani. Nina jambo moja, nalo ni dogo kama unywele ulioingia jichoni.

Maneno ya kutia nguvu yakikutana na kukanusha, hayakai yalipowekwa.

Chukueni "really". Mwanafunzi anajua maana yake ni "kweli kweli". Anajua "not" ni ya kukataa. Anadhani akiyaweka pamoja, popote pale, atapata kitu kile kile. Sasa sikilizeni: "I really don't know." Huyo amefunga mlango: sijui, usiniulize tena. "I don't really know." Huyo ameacha dirisha wazi: sijui vizuri, labda kidogo najua. Maneno ni yale yale, yamebadilishana nafasi tu.

Mwalimu wangu wa kwanza wa Kiingereza, Monsieur Ngandu, aliyekuwa amesomea Zambia, alitufundisha jambo hili kwa kiganja. Aliandika sentensi ubaoni, akafunika "not" kwa mkono, akauliza, "Hii inauma nani?" Tukajibu, "Ile inafuata." Kama linalofuata ni "really", basi "really" imeumwa na nguvu yake imepungua. Kama "really" imetangulia, haikuumwa, na nguvu yake yote inaanguka juu ya kule kukanusha. Alimaliza kipindi mkono mzima mweupe kwa chaki, na koti pia. Nimefundisha hivyo hivyo maisha yangu yote, na nguo zangu nyeusi zote zimekuwa na alama ya vidole.

Binamu yangu Rashidi hakuwahi kukaa katika darasa la Monsieur Ngandu. Sisi ni watu wa asili ya Maniema, baba zetu walikuja huku na biashara ya vitambaa, na Rashidi aliona Kiingereza cha sokoni kinamtosha. Akavuka mpaka kununua marobota ya vitambaa. Muuzaji, mtu mwaminifu, akamwambia waziwazi, "This is not really cotton." Rashidi akasikia "really", akasikia "cotton", akafurahi. Aliporudi, mkewe akaweka pasi ya makaa juu ya gauni la kwanza alilolishona, na gauni likaganda kwenye pasi kama sukari iliyoungua. Mpaka leo ukimuuliza Rashidi habari ya pamba, anageuza mazungumzo.

Lakini msidhani kanuni ya kiganja inatosha. Mwingereza ukimuuliza kama amekipenda chakula chako, akakujibu "not really", usikae ukifikiri amekipenda nusu. Hajakipenda. Anakuonea haya tu. Na akikwambia mgonjwa "is not very well", usiende nyumbani kulala ukidhani mgonjwa ana nafuu kidogo. Sentensi ina kanuni, na anayeisema ana uso. Angalieni vyote viwili.

Watoto wetu wana bahati moja, Kifaransa kinawasaidia. Anayejua tofauti ya "pas vraiment", yaani si sana, na "vraiment pas", yaani hapana kweli kweli, ameshafika nusu ya safari. Hatari yetu haiko hapo. Iko ndani ya Kiswahili chetu wenyewe, kwenye neno tunalolitumia kutwa bila kulitazama. Hilo ndilo nililotaka kuwaambia, na nitawaambia kwa habari ya Mama Umba.

Mwaka jana wakati wa kiangazi, vumbi lilipokuwa likiingia mpaka ndani ya sukari, walikuja madaktari wa macho. Walikuwa wageni. Ndege yao ilitua kwenye uwanja wa Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji, wakapewa ukumbi katika hospitali moja ya mjini, na karibu wote hawakujua Kifaransa. Wakatafutwa watu wa Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini nilivaa viatu kabla aliyetumwa hajamaliza kunieleza. Nikawekwa meza ya mlangoni, kupokea wagonjwa. Meza ya ndani, ya daktari mkuu, akawekwa Kabange.

Kabange alikuwa mwanafunzi wangu. Sasa ni baba wa watoto, mchana hubeba abiria kwa pikipiki yake na jioni hufundisha Kiingereza sebuleni kwake. Kiingereza chake ni kizuri. Nataka mlijue hilo mapema, msije mkafikiri haya yaliwapata watu wasiojua.

Mama Umba alifika asubuhi, amevaa kitenge kilichofuliwa vizuri, ameshikwa mkono na mkamwana wake, Mujinga, ambalo kwetu ni jina la Kiluba wala si tusi. Alikuwa mjane, mkulima wa mihogo kutoka kijiji cha nje ya mji. Jicho la kulia lilikuwa limezimika zamani. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, utando mweupe kama ganda la yai, na mwanga ulikuwa ukimponyoka kila mwezi. Nilipomuuliza shida yake, alinyoosha kiganja, nikaona alama za kuungua.

"Mafika njo ilinichoma," akasema. Mafika ni yale mawe matatu ya jikoni; njo ni ndiyo, na juu kwetu ni kwa sababu. "Madame, mi siombe mengi. Nataka tu nione muntu mwenye kunisalimia. Sasa bantu banacheka juu nasalimia mpaka mbuzi."

Mujinga akainamisha uso. Mama Umba mwenyewe alikuwa anacheka. Nikamwelekeza ndani.

Kulipokaribia saa za chakula, daktari mkuu akaja mezani kwangu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi, mwenye tabia ya kupangusa miwani kila akitaka kufikiri. Akaniuliza kwa nini yule mama wa mikono ya kuungua amekataa kupasuliwa. Nikageuka kutazama benchi la nje. Halikuwa na mtu. Nikaingia ndani kwa Kabange.

"Ulimwambia nini Mama Umba?"

"Kile munganga alisema," akajibu. Munganga ndilo neno letu huku la daktari. "Jicho lake iko na kovu ya zamani nyuma ya ile cataracte. Akasema, her sight won't come back completely. Nikamwambia yule mama: macho haitarudia kabisa."

"Naye akasemaje?"

"Akasimama, akasema aksanti, bakaenda."

Wasomaji wangu, isemeni sentensi ile kwa sauti. Macho hayatarudi kabisa. Mnasikia nini? Mama aliyekaa miaka akiogopa giza alisikia kitu kimoja: hutaona hata kidogo. Daktari alikuwa amesema yatarudi, ila si yote. "Completely" ikiumwa na "not" inapungua. "Kabisa" yetu ikikutana na kukanusha, mara nyingi haipungui. Inaongezeka. Inafunga mlango na kuweka komeo.

"Lakini kabisa njo completely, Madame," Kabange akasema. "Iko mu dictionnaire."

Daktari alikuwa amesimama nyuma yetu, akisubiri. Nikamweleza. Akavua miwani, akaipangusa. Kisha akasema, "I'm not at all worried about the operation. I'm just not entirely sure how much she'll gain." Tazameni alivyosema. Kwa pumzi moja ametumia zote mbili. "Not at all": upasuaji haumtii wasiwasi hata chembe. "Not entirely": faida ataipata, ila hajui ni kiasi gani. Mtu akizitafsiri zote kwa "kabisa", amezika nusu ya habari. Akaongeza kwamba kesho ndiyo siku ya mwisho ya kupasua, kesho kutwa watafungua bandeji na kuondoka. Mama akiwa hapa asubuhi, atamchukua wa kwanza.

Nikamwambia Kabange alete pikipiki.

Nilipanda nyuma yake, kilemba nimekifunga kidevuni, mikono imeshika shati lake. Nje ya mji barabara ni mchanga mtupu. Gurudumu likazama, pikipiki ikayumba, nami nikawa nahesabu vichaka badala ya kusali. Kabange hakunyamaza njia nzima. Alipiga kelele juu ya mlio wa mashine kwamba hakukosea. Mtu akisema kazi haijaisha kabisa, si imebaki kidogo? Kweli, nikamjibu. Basi? Basi, nikamwambia, mtu akisema pesa sina kabisa, amebaki na ngapi? Akakaza mwendo mpaka bonde la kwanza. Kwenye mwinuko akaanza tena. Aliuliza sasa mtu atajuaje ni kabisa ipi. Sikuwahi kulifundisha hilo. Nilifundisha Kiingereza. Kiswahili tulidhani kila mtu amezaliwa nacho, ingawa nusu ya Kamina wamezaliwa na Kiluba.

Mnyororo ulikatika mahali pasipo na nyumba. Kabange akaufunga kwa waya alioutoa mfukoni, huku mimi nikitembea kwenda mbele na kurudi, nikitazama jua. Aliniomba nikae kivulini. Sikukaa.

Tulimkuta Mama Umba uani kwake, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage kwa vidole. Alitambua sauti yangu mara moja.

"Madame wa mulango," akasema. "Mulipotea?"

"Tumekufuata wewe, mama. Kulikuwa na neno halikufika sawasawa. Daktari hakusema hutaona."

Hakuacha maharage. "Yule kijana alisema muzuri, nikasikia. Macho haitarudia kabisa. Sasa weye unasema ingine juu nirudie kule."

"Ni neno lile lile. Lina maana mbili."

"Neno moya, maana mbili," akasema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Njo mambo ya bantu ya mu bureau, ile."

Nikatazama huku na huku. Karibu na ukuta palikuwa na madumu mawili ya maji. Nikamwomba Mujinga ayalete na sufuria mbili. Sufuria moja nikaiacha tupu, ya pili tukaitia maji yakapita nusu. Nikauchukua mkono wa Mama Umba, nikauingiza katika ile tupu.

"Hapa utasema nini?"

"Maji haiko."

"Haiko kidogo?"

"Haiko kabisa."

Nikauingiza mkono wake katika sufuria ya pili. Maji yakafika juu ya vifundo vya vidole. Akapapasa mpaka ukingoni, pale palipobaki pakavu.

"Na hii imejaa?"

"Hapana."

"Haijajaa kabisa?"

Alibaki ameshika ukingo, kidole gumba ndani ya maji na kiganja nje. Ndipo Kabange, aliyekuwa amesimama karibu na pikipiki, akaja akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ni minyi nilisema," akamwambia. "Munganga alitaka kusema sawa hii sufuria ya pili. Minyi nikakupa ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza," Mama Umba akarudia. Akautoa mkono, akaupangusa kwenye kitenge. "Nililia njia yote. Muulize Mujinga."

Kabange akatazama chini.

"Na kama nikienda, na ile maji iko kidogo sana? Chini kabisa?"

Swali hilo aliniuliza mimi. Ningeweza kumdanganya, alikuwa tayari kunisadiki. Nikamwambia inawezekana. Daktari mwenyewe hajui maji yatafika wapi, anajua tu kwamba sufuria haitakuwa tupu. Akarudisha mkono juu ya maharage, nami nikashindwa kusimama mahali pamoja. Nikazunguka ua. Aliponisikia nazunguka, akacheka.

"Huyu Madame, sijue nani iko mugonjwa," akasema. "Mujinga, leta viatu yangu. Tuende mbele ya jua kuingia."

Pikipiki ilikuwa moja na mnyororo wake ulikuwa umefungwa kwa waya. Wanne hatungeenea. Mama Umba akawekwa katikati, Mujinga nyuma yake, akimkumbatia. Mimi nikabaki. Niliwatazama mpaka vumbi likatulia, na hapo ndipo wasiwasi ukaanza hasa, kwa sababu sikuwa na kitu cha kufanya. Nilimaliza maharage yake. Nikafagia ua wa watu. Nikaenda barabarani kusikiliza kama kuna mlio wa pikipiki iliyokwama, nikarudi, nikaenda tena. Jirani mmoja akanipa ugali na mboga ya matembele, akaniuliza mimi ni ndugu wa Mama Umba wa upande gani. Nikamwambia ni mwalimu wa Kiingereza. Akaniongezea mboga.

Kilichonihangaisha zaidi hakikuwa mnyororo. Nilijua daktari lazima aeleze upya kabla ya kupasua, na mama lazima aitike kwa kinywa chake. Na mwenye kusimama katikati yao alikuwa Kabange, peke yake, bila mimi.

Asubuhi nilipata lori la mihogo. Dereva alisimama kila mahali pa kusimama. Nilipofika hospitalini, nguo zimekuwa nyeupe kwa unga wa mihogo, Mama Umba alikuwa ameshatoka kwenye upasuaji, amelala na bandeji, mkono wake mkononi mwa Mujinga. Kabange alikuwa ukumbini, macho mekundu.

"Ulimwambia nini safari hii?" nikamuuliza kabla ya salamu.

"Kabisa sikuitumia hata mara moya," akasema. "Munganga alisema sentensi yake, minyi nikakataa kuitafsiri."

"Ukakataa?"

"Nikamuuliza: muntu akisimama mbele yake, atamujua? Akasema ndiyo, kama iko karibu. Nikauliza: atatia uzi mu sindano? Akasema hapana. Ataona mafika? Ataona. Njo nikamwambia mama vile. Karibu, utajua sura. Sindano, hapana. Mafika, utaona. Akasema, basi, nipasueni."

Andikeni hilo mahali, nyinyi mnaokuja. Sikulifundisha mimi. Sentensi yenye "not" na neno la nguvu ikikutatiza, usipige mbizi ndani ya kamusi. Muulize msemaji: kwa mfano, nini kitawezekana na nini hakitawezekana? Ukishapata vitu, maneno yatajipanga.

Siku ya pili yake bandeji zilifunguliwa. Tulikuwa wengi katika chumba kidogo, ndege yao ilikuwa inasubiri Base na masanduku yameshafungwa. Daktari mkuu akaibandua bandeji ya Mama Umba polepole, akampangusa jicho, akasogea nyuma. Mama Umba akapepesa. Machozi yakamtoka upande mmoja tu. Akageuza kichwa huku, akageuza huku.

"Anaona?" daktari akauliza kwa Kiingereza, na Kabange akauliza kwa Kiswahili.

"Mi sione kabisa," Mama Umba akajibu.

Mujinga akaziba mdomo. Daktari akamgeukia Kabange, akisubiri, na mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikakifunga. Nilijishika mikono yangu yote miwili nyuma ya mgongo, kama tulivyokuwa tukiamrishwa utotoni, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko safari nzima ya mchanga.

Kabange hakutafsiri. Alisogea hatua, akainama.

"Mama, unaona nini?"

"Naona weye," Mama Umba akasema. "Shati iko rouge, sawa nyanya. Nilizania uko kijana, kumbe uko na kipara." Akamtazama daktari. "Huyu iko murefu. Sura yake iko sawa mu moshi." Kisha akanitafuta, akanipata karibu na mlango. "Na weye njo Madame? Kwa ile sauti, nilizania uko munene."

Kabange akanyooka, akamwambia daktari kwa Kiingereza safi, bila haraka, kwamba mama anaona rangi na watu, na kwa mbali kidogo sura zina ukungu. Sikusikia "completely" ndani yake, wala "really", wala "at all". Daktari akavua miwani ili aipanguse, na safari hii hakuivaa upesi.

Nilitoka nao mpaka lango la hospitali. Mujinga alinyoosha mkono kumshika, kwa mazoea. Mama Umba akausogeza pembeni. Akatangulia, akipapasa ngazi kwa kidole cha mguu, akashuka, akafika kando ya barabara. Pale mbele ya hospitali mchanga ni mwingi, baiskeli haitoi mlio wowote. Mtu mmoja alikuwa anakuja upande wa kushoto, amebeba kuku katika tenga, anakanyaga kimya kimya. Hakupiga kengele. Mimi nilitaka kupaza sauti.

Mama Umba akasimama. Akampisha, akamwamkia, kisha akavuka.